Shemeji Anatafuta Duka la Treni

Shemeji yangu ni fundi wa lifti. Kutwa nzima anapanda na kushuka ndani ya majengo ya watu, grisi mikononi, bisibisi mfukoni, na nadhani ndiyo maana akirudi nyumbani hutaka kitu cha kuzunguka. Wanaume wengine wakifika umri wake hufuga kuku au hujiingiza katika siasa. Yeye ananunua treni. Ni treni ndogo za kuendesha juu ya meza, lakini ole wako uziite za kuchezea mbele yake. Atavua miwani, ataifuta taratibu, na utajua kuna tusi amelimeza.

Hata dada yangu alimpata kwa sababu ya lifti. Dada ni mshonaji. Siku moja alikwama ndani ya lifti, kati ya ghorofa mbili, na mabunda yake ya vitambaa, akapiga kelele mpaka watu wakatoka maofisini, ndipo sauti kutoka juu ikamwambia, "Tulia mama, nakuja." Mimi humkumbusha kwamba wahenga walisema aliye juu mngoje chini, naye alingoja, akampata. Dada hunijibu kwamba angejua habari za treni siku ile, angebaki humo humo ndani ya lifti.

Ninaishi nao, chumba cha nyuma, tangu nilipopata kazi ya kupokea simu katika ofisi moja ya bima. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Sebule ni ya dada: cherehani chini ya dirisha, sanamu la kupimia nguo lisilo na kichwa, na pini ambazo huzioni mpaka uzikanyage. Chumba cha pili ni cha treni. Humo kuna meza pana, reli zinazozunguka, stesheni yenye saa isiyotembea, na mlima wa maboksi uliofunikwa vipande vya kitambaa cha kijani ambavyo dada anaapa hakumpa mtu.

Basi, kila Jumamosi asubuhi shemeji alikuwa na desturi moja. Anaamka, anachemsha chai, anampelekea dada kitandani, kisha anasema, "Mama, kama kuna nililokukosea wiki hii, nisamehe." Hata kama wiki nzima walikuwa wanarushiana maneno, Jumamosi yanakwisha. Dada anavuta shuka, anaringa kidogo, anasamehe. Shemeji anavaa shati safi, anakwenda kwa Mzee Kipenga, ambaye duka lake la treni lilibanwa kati ya duka la dawa na la fotokopi. Tulimwita Kipenga kwa sababu akitaka kufunga alipuliza kipenga, na wateja wote, watu wazima na vipara vyao, walitoka kwa mstari. Adhuhuri shemeji anarudi na kifurushi kidogo, uso umemkunjuka.

Nilimwonea dada wivu, sifichi. Kila mwanaume aliyenijia na maneno matamu nilimwambia kuwa kwetu mume huomba msamaha kila wiki, na chai juu. Hakuna aliyerudi mara ya pili.

Kisha duka likafungwa. Magoti ya Mzee Kipenga yalikataa ngazi, na rafu za duka lile zilifika darini. Mwanawe wa kike akamchukua akaishi kwake, upande wa pili wa mji. Shemeji alirudi siku hiyo mikono mitupu, akakaa kitako kwenye kiti cha wateja wa dada. "Amefunga," akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Dada alimpa pole kwa mdomo. Alipogeukia cherehani nikamsikia anaimba. Kwa hesabu zake, Jumamosi sasa zilikuwa zake: bomba linalovuja lingetengenezwa, na pazia la sebuleni lingepata fimbo yake.

Lakini shemeji alikuwa na shida iliyokuwa haingoji. Kichwa chake cha treni cha kijani, kile anachokipenda kuliko vyote, kilikuwa na gia iliyong'oka meno. Ukikiwasha kinalia, hakiendi. Akaniomba nimsindikize kutafuta duka lingine, nami nikakubali, maana shemeji ni wa kutaniwa na sikutaka kukosa chochote.

Tulianza na duka la vitu vya watoto, ndani ya jengo kubwa la maduka. Binti wa pale akatupokea vizuri. "Ni ya mtoto wa miaka mingapi?"

"Hamsini na sita," nikamjibu mimi.

Akatuletea treni ya plastiki yenye macho mawili makubwa. Ukiibonyeza mgongoni inaimba na kukukonyeza. Shemeji akaishika, akaigeuza, akairudisha kwa adabu kabisa. Tulipokaribia nyumbani akasimama. "Ina macho," akaniambia. "Treni ina macho!" Alilirudia hilo mpaka kwenye sala ya chakula.

Tukajaribu kununua kwa simu. Sasa, treni hizi zina saizi zake, na magurudumu ya saizi moja hayakai kwenye reli ya nyingine. Shemeji analijua hilo kuliko anavyojua siku ya harusi yake. Ila kwenye simu kila kitu kina ukubwa wa simu, na mtu mwenye hamu hasomi maandishi madogo. Hakukuwa na gia, akaamua kuagiza kichwa kizima kinachofanana na chake ili akitoe matumbo. Kilipofika kilikuwa kama kidole gumba. Dada akakibandika kwa pini kwenye kola ya gauni lake. "Kinanipendeza?" akamuuliza. Miwani ikavuliwa.

Duka la tatu lilikuwa la maana kweli. Vioo vitupu, taa kila kona, treni za saizi yake zimepangwa mpaka mlangoni. Muuzaji akakitazama kichwa cha kijani kwa sekunde moja tu. "Hii ya zamani mno. Gia zake hatuna. Chukua mpya." Akageukia mteja mwingine. Shemeji angeweza kuuliza kama wanaagiza, lakini alitoka.

"Hata habari za nyumbani hakuniuliza," akasema njiani.

"Za nyumbani zinamhusu nini?" nikamwambia. "Wewe umefuata gia."

Na za nyumbani, kusema kweli, hazikuwa nzuri. Cherehani ya dada ilikuwa inakwaruza, akamwomba mumewe aitie mafuta. Fundi wa lifti anajua kipimo kimoja tu cha mafuta, cha lifti. Akaitia, akaitia tena, kisha akasema, "Pitisha kwanza kitambaa kibovu." Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe, nilimsikia kwa masikio yangu. Dada akapitisha gauni jeupe la bibi harusi. Tone likatua kifuani, pale pale macho yote yatakapotua.

Gauni liliponywa. Dada alishona ua juu ya doa, na bibi harusi akalisifu ua kuliko gauni. Ugomvi ndio haukupona. Dada alisema hakuambiwa kitu. Shemeji alisema alisema. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi ikafika, ya kwanza bila duka la kwenda. Dada akajilaza akisubiri chai, macho ameyafumba kwa nguvu hivi kwamba mtoto mdogo angejua hajalala. Jua likapanda. Chai haikuja. Jumamosi iliyofuata haikuja pia. Shemeji alishinda ndani akikaza fimbo ya pazia, bila neno, na dada, aliyeitamani fimbo hiyo miaka na miaka, hata hakuitazama. Wakawa wanazungumza kupitia kwangu. "Mwambie shemeji yako chumvi iko kabatini." "Mwambie dada yako nimeiona." Kazini naunganisha simu za watu mchana kutwa, narudi nyumbani naunganisha mke na mume waliokaa meza moja. Tulikuwa hatujawahi kufika huko, na nilianza kuogopa. Walikuwa wakigombana kwa kelele. Sasa walikuwa wakigombana kwa adabu.

Ndipo shemeji akaniambia, "Nisindikize kwa Mzee Kipenga. Yeye lazima anajua gia zinapatikana wapi."

Tulimkuta kibarazani kwa bintiye, miguu juu ya kigoda, amenenepa kidogo. Alifurahi mpaka akataka kusimama. Shemeji akampa shikamoo yake, akatoa kichwa cha kijani, akaeleza. Mzee akakipapasa tumboni kwa kidole.

"Lipo duka," akasema. "Mwanafunzi wangu wa zamani. Chumba tu nyuma ya nyumba yake, hana hata kibao, lakini gia hizi anazo. Ngoja nikupe namba." Akatoa simu, akavaa miwani. Kisha kabla hajaifungua akauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Nyumbani mmepatana?"

Shemeji akatazama viatu vyake. "Bado, mzee."

Mzee akairudisha simu mfukoni.

Nilidhani ni mzaha. Nikacheka peke yangu. "Mzee, ni namba tu!"

"Mwanangu, huyu hajakwambia? Dukani kwangu aliyenuna na mkewe hauziwi hata skrubu. Miaka yote. Unajua kwa nini? Mwanaume aliyegombana nyumbani hununua kwa hasira. Anachukua kichwa kikubwa kuliko vyote ili mke akione. Jumatatu wamepatana, anakuja kunirudishia, boksi limechanika. Nikachoka. Nikaweka sheria: kapatane kwanza."

Nikamgeukia shemeji. Alikuwa anaifuta miwani.

"Kwa hiyo ile chai…" nikasema.

"Chai gani?" akauliza mzee. Shemeji hakumweleza.

"Haya, mzee, na safari hii kama kosa si langu?" akasema mwishowe. "Nitaomba msamaha wa nini?"

"Sijauliza kosa ni la nani. Nimeuliza mmepatana au hamjapatana. Mkipatana, mwambie mama mwenyewe anipigie."

Njia nzima nilicheka. Tulipokaribia nyumbani kicheko kikaniishia, nikaanza kumwonea dada uchungu. Wahenga walituonya: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Mimi jembe nililiona, nikalipita, nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye cherehani na kusema yote, tangu magoti ya mzee hadi skrubu.

Dada aliondoa mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza. "Kwa hiyo ile chai ilikuwa nauli," akasema.

Nilitegemea angepiga kelele. Hakupiga. Alikaa akilinyoosha pindo ambalo tayari lilikuwa limenyooka. Nilitamani ardhi ipasuke. Mlango wa chumba cha treni ulikuwa wazi na shemeji alisikia kila neno.

"Mwambie shemeji yako," dada akaniambia, "kwamba nimemsamehe miaka yote hii bure. Kumbe hakuwahi kujuta hata mara moja. Alikuwa anafuata skrubu."

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Zamu yangu imeisha."

Shemeji akatoka. Alisimama karibu na lile sanamu lisilo na kichwa, kichwa cha kijani mkononi, na sijawahi kuwaona watu wawili wasiojua watazame wapi kama wale.

"Mzee alikuwa anauliza tu," akasema. "Hakuwa anakuja hapa kuhakikisha. Wenzangu walikuwa wanamdanganya. Mmepatana? Tumepatana, mzee. Wananunua, wanaondoka. Na mimi ningeweza kumdanganya."

Dada hakuinua uso. "Na mbona hukumdanganya?"

"Halafu? Nirudi na kifurushi changu, niwashe treni izunguke humu ndani, na wewe umenuna huku?" Akatikisa kichwa. "Haina raha. Nimeshajaribu usiku wa hizi Jumamosi mbili, kwa zile treni nyingine."

Hapo mimi ndiye niliyetokwa na machozi. Sijui hata kwa nini, mume si wangu.

Dada alilitazama lile tundu la mafuta la cherehani. "Uliniambia nipitishe kitambaa kibovu," akasema. "Nilikusikia. Nilikuwa na haraka."

"Na mafuta yalikuwa mengi," akasema shemeji.

"Yalikuwa mengi sana. Hii ni cherehani, si lifti."

Akacheka shemeji kwanza, kisha dada, kisha wote wawili kwa mpigo, na ile baridi ya adabu ikatoka nyumbani kwetu. Nikatafuta namba ya Mzee Kipenga kwenye simu ya shemeji, nikampa dada. Aliitengeneza kanga yake begani kana kwamba mzee atamwona.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni mke wa fundi wa lifti. Ndiyo. Ndiyo, tumepatana." Akasikiliza. Akatutazama, akatupa mgongo, akashusha sauti. "Hapana, mzee. Safari hii si yeye. Ni mimi."

Upande wa pili mzee alisema kitu.

"Nasema ni mimi," akarudia dada.

Mzee akasema tena. Ilionekana simu na masikio yake havielewani. Dada akavuta pumzi, na kwa sauti ile ile iliyowahi kutoa watu maofisini, akapaza: "NI MIMI NILIYEKOSEA, MZEE!"

Jirani akafungua dirisha. Mbwa wa kona akabweka. Shemeji alikuwa ameketi chini sakafuni, kati ya pini, anacheka hana sauti, na namba ya duka ikaanza kusomwa, tarakimu moja moja, taratibu, na wazi kabisa. Mimi mpaka leo naamini mzee alisikia mara ya kwanza.