Ndimu, Asumini na Mafuta ya Karai

Wenzangu mliokulia Kisumu enzi zile mtanikubali: pua zetu zilikuwa kali kuliko za mbwa wa polisi. Mtoto alisimama mlangoni akajua nyumba tisa zinapika nini na nani ameunguza ugali. Mvua ikiwa bado ng'ambo ya ziwa, tulishanusa vumbi lililolowa, tukaanua nguo. Vijana wa leo mpaka simu iwaambie.

Mimi na dada yangu Atieno tulifunzwa marashi na jirani yetu Mama Zuhura, aliyeuza mafuta mazuri kwenye vichupa vidogo kama kidole. "Harufu ni mgeni," alisema akitupaka mkononi. "Ya kwanza inapiga hodi, kama ndimu: kali, haikawii kuondoka. Ya pili inaingia, inakaa kitini: waridi, asumini. Ya tatu ndiyo inayolala: udi, miski, sandali. Hiyo utaamka nayo." Sandali tuliifananisha na penseli iliyotoka kuchongwa. Miski ilikuwa shingo ya mtoto mchanga.

Mama yetu alikaanga samaki sokoni. Kwenye sherehe fulani wifi yake aliziba pua mbele ya watu wote. Kwa hiyo harusi ya binamu ilipokaribia kule Kombewa, Mama alinunua kichupa kwa Mama Zuhura. "Siku hiyo moja tu," alituambia, "nataka ninukie kama mtu asiyejua samaki ni nini."

Sisi tukakinusa. Tukakinusa tena. Kikamwagika chote.

Kumwambia? Afadhali kumezwa na kiboko. Tukatengeneza chetu: maganda ya ndimu ya kupiga hodi, asumini kutoka kwenye ua wa Mama Zuhura ya kukaa kitini. Ya kulala hatukuwa nayo. Ndipo Atieno, profesa wa darasa la nne, akakumbuka kwamba marashi ya Mama Zuhura huwa ni mafuta. Na mafuta yako wapi? Kwenye karai la Mama, yaliyokwisha kukaanga samaki wa ziwa zima.

Siku ya harusi Mama aliondoka asubuhi ananukia bustani. Jua la saa sita likamkuta kanisani.

Jioni alirudi na kichupa mkononi. "Nani ameweka mafuta ya karai humu?"

Atieno akanisukuma mbele.

"Wifi yangu amenigeukia katikati ya mahubiri. 'Mama Atieno, samaki wanakaangwa wapi? Mbona njaa imeniuma hivi?' Benchi zima likaanza kunusanusa!" Alijaribu kukaza uso, akashindwa. "Ibada ilipokwisha nikavua viatu, nikaingia jikoni kwa wenye harusi, nikawakaangia samaki. Yule mziba pua amekula ngege watatu. Watatu!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatuchapa, maana sheria ni sheria.

Majuzi, katika duka moja mjini, kijana alininyunyizia manukato. "Auntie, hii iko na noti tatu." Nikashika mkoba wangu vizuri. Kumbe ni yale yale ya hodi, kiti na kitanda! Mimi, mhitimu wa ngumbaru, nikamfundisha mpaka wateja wakapanga foleni. Lakini ile ya kulala niliingoja bure. Nilipofika nyumbani, mkono ulinuka mkono.

Mama alituacha miaka mingi iliyopita. Ila jirani akiweka karai motoni na kukamulia samaki ndimu, harufu hufika mlangoni kwangu, nami hujikuta nimeshaitika: "Karibu ndani, Mama."