Kamera Ikae Ndani

Mwenye kibanda cha gemu pale Kambu aliwahi kuendesha malori, na hataki mteja aendeshe lori la kwenye skrini huku akiliangalia kwa nyuma. Kamera lazima ikae ndani, kwenye kiti cha dereva. Ukiitoa nje anakupokonya pedi ya kuchezea, mishipa ya shingo imemsimama. “Nyinyi kazi yenu ni kuhukumu dereva mkiwa nje!” Jana Kathini, muuza machungwa wa barabarani, alikuwa akicheza, akachoka kufokewa. “Mzee, wacha kelele! Nikiwa ndani sioni mtu akivuka karibu na bampa!” Mguu wa kulia wa mzee ulikuwa umekandamiza sakafu, pale ambapo breki ingekuwa. Akasema, “Hata mimi sikumwona.”