Udongo Mwekundu wa Sadock

Sadock, mchoma chokaa wa Kitandililo, hakuwa mtu wa kuambiwa kitu. Kwa miaka kumi na tisa alivunja mawe ya ukingo wa mto na kuyachoma tanuruni, na nyumba yake akaijenga juu ya jabali la ukingo huohuo. Jirani zake waliojenga kwenye udongo aliwacheka waziwazi. Kanisani, ukifika ule mfano wa mtu mwenye akili aliyejenga juu ya mwamba, Sadock alijiweka sawa kwenye benchi kana kwamba ametajwa jina.

Juzi alikuja Zamda, binti wa Makambako aliyesomea miamba.

"Kamwene, mzee," alisalimia.

Sadock akampeleka chini ukingoni amwonyeshe mawe yake, matabaka yaliyojikunja kama mkeka uliosukumwa kutoka upande mmoja. Zamda alifurahi kweli. Akaeleza kuwa ardhi iliyabana mawe hayo zamani mno, yakapinda, yakapasuka penye mikunjo. Maji yakapita kwenye nyufa yakiyala polepole hadi yakachimba mapango, kisha udongo mwekundu ukaingia ukayajaza.

Akaingia kwenye tundu lililokuwa pale, Sadock nyuma yake. Akamulika tochi huku na huku. Furaha ikamtoka usoni.

"Udongo wa humu umekwenda wapi, mzee?"

Mchoma chokaa yeyote hutoa udongo kwanza, kwani jiwe lenye udongo huharibu chokaa. Na ule ulikuwa udongo mzuri, dhambi kuutupa. Kuta za Sadock zilikandikwa kwa huo, na za nusu ya kitongoji.

"Nimeuchota mimi," alisema. "Mwanzo nilikuwa natambaa. Siku hizi nasimama wima."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, alipigwa na butwaa. Ndipo wote wawili wakasikia kishindo juu ya vichwa vyao. Kikatulia, kikaja kingine. Kokoto zikamdondokea Sadock begani.

"Juu kuna nini?" Zamda alinong'ona.

"Jikoni kwangu. Mke wangu anatwanga mahindi."

Sadock hakumbuki alivyopanda ule mteremko. Alipofika mlangoni alimkuta mkewe Erica ameuinua mchi juu, jasho likimtiririka.

"Mama Justine," alisema kwa sauti ndogo, "usitwange tena. Ulaze mchi chini taratibu."

"Mahindi hayajakobolewa, Baba Justine."

"Yaache. Tembea polepole, uje huku."

Erica alimtazama. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia mumewe akisema kwa sauti ndogo hivyo. Akaulaza mchi, akaanza kuja. Sadock akamnyooshea mkono akiwa nje ya kizingiti, maana hakuthubutu kuikanyaga sakafu yake mwenyewe.