Aikande wa Mkiani mwa Mfongo

Mzee Ebenezeri wa Mamba alikuwa na kipaji kimoja. Mfungulie Biblia popote, hata kwenye ile orodha ndefu ya nani alimzaa nani, naye atakuonyesha maji. Gharika anayo, Bahari ya Shamu anayo, mwamba wa Musa anao, Naamani akizama Yordani mara saba kama bata anaye. Maji pekee ambayo hakuwahi kuyaona maishani mwake ni yale yanayotakiwa kuendelea kushuka baada ya kupita kwenye kahawa yake.

Na chini ya kahawa hiyo, mwisho kabisa wa mfongo, pale mfereji unapokuwa mwembamba kama mshipi wa suruali, ndipo alipokaa Aikande.

Aikande alizaliwa wakati wa Mjerumani na kubatizwa wakati wa Mwingereza. Katikati hapo kulikuwa na darasa la ubatizo, lililomchukua miaka miwili badala ya mmoja kwa sababu ya swali moja tu. Mwalimu aliuliza, "Maji ya ubatizo ni maji gani?" Wenzake wakajibu kama walivyokaririshwa, kwamba si maji matupu bali ni maji yaliyofungamana na Neno. Aikande akajibu, "Ni ya mfongo, Mwalimu. Nimeyateka mwenyewe asubuhi." Akaambiwa hajaiva. Mwaka wa pili akajibu vizuri, akabatizwa kwa maji yale yale ya mfongo, ila safari hii aliyateka mwingine. Tangu siku hiyo akawagawa watu wa dini mafungu mawili: wanaoteka maji na wanaoyaeleza.

Aliolewa na Gidioni, mtu mpole asiyeeleza chochote. Gidioni alipofariki, mwaka 1948, alimwachia kihamba, shamba la nyumbani la migomba, kipande cha shamba la ulezi, na Jumatano. Usicheke. Jumatano ndiyo iliyokuwa mali yenyewe. Kila nyumba ya mfongo ule ilikuwa na siku yake ya maji, na siku hiyo ililindwa kwa jembe: watu wakiitwa kuzibua mfongo kutoka banioni, maji yanakochepushwa mtoni, hadi mkiani, nyumba isiyoleta mwanamume inanyimwa zamu. Aikande hakuwa na mwanamume wa kuleta. Mtoto wake mmoja, Eunike, alikuwa ameolewa kule Mkuu, Rombo. Naye mwenyewe, kwa kuwa ni mwanamke, hakuruhusiwa hata kusogelea banio, eti maji yatachukia. Anayapikia, anayafulia, anayanyweshea ng'ombe, hayajachukia. Lakini akiyakaribia kule yanakotoka, yanaona aibu.

Kwa wenye udhuru, desturi iliacha upenyo: toa faini ya mtungi wa mbege, wanaume wazibue na sehemu yako. Miaka mitatu Aikande akapika mbege kwa ndizi na ulezi wake mwenyewe, na miaka mitatu Jumatano yake ikaja.

Na miaka yote hiyo mitatu, Ebenezeri, mzee wa kanisa, adui wa pombe kuanzia Mamba hadi kwa Kaisari, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika kata. Alikuwa na utaratibu wake. Ananusa, anakunja uso, anatangaza mbele ya watu, "Huu bado ni uji." Kisha anaumaliza huo uji, maana kumwaga chakula ni dhambi. Aliwahi hata kufundisha kwamba divai ya harusi ya Kana ilikuwa maji ya zabibu tu, yasiyochacha. Melkior, jirani Mkatoliki aliyehamia kutoka Kilema, aliposikia akasema, "Poleni wageni waalikwa."

Mwaka 1951 Ebenezeri akachaguliwa mkuu wa mfongo. Alikuwa amepanda kahawa mpya mteremko mzima, na kahawa mpya ina kiu kama mtoto aliyelia kutwa. Haikupita hata miezi miwili, Jumapili moja, akasimama kanisani kuhubiri juu ya maji. Maji ni ishara ya utakaso, alisema. Mbege ni ishara ya uchafu. Je, ndugu, inafaa kununua usafi kwa uchafu? Watu wakatikisa vichwa kwamba haifai. Walidhani wako kwenye mahubiri, kumbe wako kwenye mkutano wa mfongo. Faini ya mbege ikafutwa hapo hapo, na Jumatano ya Aikande ikatolewa wakfu kwa bustani ya kanisa.

Bustani ya kanisa ilikuwa matuta manne ya kabichi. Kuyafikia, maji yalipaswa kwanza kupita katikati ya kahawa ya Ebenezeri, na huko njiani yalichoka.

Ilikuwa Septemba, wakati ulezi hauna mvua na hauna mjomba, una mfongo tu. Wiki ya tatu bila maji, majani yakaanza kujikunja. Aikande alijua hesabu yake: wiki moja zaidi na ulezi unakufa. Ulezi ukifa, mwaka huo hakuna uji, hakuna mbege, na Jumatano haitarudi tena, hata akija mkuu mwingine. Akajifunga kanga akapanda kwa Ebenezeri.

Alimkuta amekaa kibarazani, viatu vimeng'arishwa, Kitabu pajani.

"Mama Eunike, karibu. Najua kilichokuleta."

"Basi tusipoteze muda, Mzee. Naomba Jumatano yangu."

Ebenezeri akavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi. "Unanikumbusha yule mwanamke Msamaria kisimani. Alitafuta maji ya kunywa na kuona kiu tena. Bwana akamwambia yako maji mengine, mtu akiyanywa haoni kiu milele."

"Hayo umeshaipa kahawa yako?"

"Kahawa haina roho, mama."

"Ndiyo maana inakunywa yangu bila haya."

Ebenezeri akafunga Kitabu. Akamwambia kiburi ndicho kilichomzamisha Farao. Aikande akamjibu kwamba yeye angefurahi sana kuzama, apewe tu pa kuzamia, akaondoka moja kwa moja hadi kwa mchili, yaani mkuu wa kijiji chini ya chifu, Mangi.

Mchili Eliufoo aliwaita wote Jumatatu, saa tano. Alikuwa mtu wa haki, hasa kabla ya chakula, na alitaka shauri liishe ndizi zikiwa bado zina moto. Wanaume wa mfongo wakajaa uani. Ebenezeri akaja na Kitabu chenye vipande vya karatasi kila upande, kinafanana na jogoo aliyelowa.

"Mchili," alianza, "hili si shauri langu, ni la nabii Ezekieli." Akasoma jinsi nabii alivyoona maji yakitoka chini ya kizingiti cha nyumba ya Bwana; mtu mwenye kamba akapima, yakawa ya vifundoni; akapima tena mbele, ya magotini; tena, ya kiunoni; mwisho yakawa mto usiovukika ila kwa kuogelea. Akafunga Kitabu kwa kishindo. "Mmesikia. Maji huanzia nyumba ya Bwana. Nani anabisha?"

Hakuna aliyebisha. Waliokuwa wakimwelewa walikuwa wachache, na waliokuwa wakisikiliza walikuwa wachache zaidi.

"Shikamoo, Mchili," alisema Aikande. "Naomba kumuuliza Mzee. Pale yanapoanzia, yanafika wapi?"

"Vifundoni."

"Na kule mwisho kabisa?"

"Mto. Mto mkubwa."

"Mimi nimezaliwa kando ya mfongo, sijaona mfongo unaonenepa ukishuka. Wetu ukifika kwangu, hata chura anapita kwa miguu. Huo wa Ezekieli nimeupenda. Wewe wa juu chukua vifundo, mimi wa mwisho nipe mto."

Uani pakalipuka kwa kicheko. Melkior alilazimika kumshikilia mwenzake.

"Mama!" Ebenezeri alipaza sauti. "Hiyo ni ishara! Si maji ya kweli!"

"Basi tugawane, Mzee. Ishara ibaki kwako."

Wakacheka tena, hata mchili. Lakini Aikande hakucheka. Kicheko hakijawahi kumwagilia ulezi, na alimwona Eliufoo akigeuka nyuma kutazama moshi wa jikoni kwake. Ebenezeri naye aliuona upenyo.

"Mchili, tuache mizaha. Faini ya mbege imefutwa. Huyu halimi mfongo, hana faini ya kutoa, hana zamu. Kwisha."

"Hapo amesema kweli," mchili alikubali. "Una la mwisho, Mama Eunike?"

"Ninalo. Mzee Ebenezeri, kile nilicholeta banioni miaka mitatu, ulichokuwa unaonja wa kwanza na kumaliza wa mwisho, kilikuwa mbege au kilikuwa uji?"

Kila mtu alijua kanuni ya kanisa lao: mzee wa kanisa akikutwa na pombe, anaondolewa uzee na kuwekwa mbali na meza ya Bwana mwaka mzima. Ebenezeri akatazama watu aliokunywa nao, nao wakamtazama kwa upendo mkubwa, wakingoja.

"Ulikuwa…" alisema. Akajifuta shingo. "Ulikuwa uji."

"Mmesikia wote?" mchili aliuliza. "Uji."

"Tumesikia."

"Basi faini iliyofutwa ni ya mbege. Ya uji haijafutwa. Mama Eunike ataendelea kuleta uji wake kama kawaida, na Jumatano ni yake. Mkuu wa mfongo ataifungua mwenyewe, kwa mkono wake, kama ilivyo desturi." Akasimama. "Shauri limekwisha, nina njaa."

"Na uji ukija," Melkior aliongeza, "Mzee aletewe kijiko."

Jumatano asubuhi Ebenezeri alishuka hadi kwenye mgawanyo wa maji, akavua viatu vyake vya ibada, akakunja suruali na kuanza kung'oa magome ya migomba na matope aliyoyashindilia mwenyewe. Walipita watu wengi sana njia ile asubuhi hiyo, hata usingeamini wote walikuwa na safari, na kila mmoja alimsalimia kwa adabu, kwa jina na cheo.

Aikande hakuenda kumtazama. Alikuwa mkiani, jembe mkononi, amesimama kwenye tuta la kwanza. Maji yalifika saa nne, machafu, yamebeba majani ya kahawa na ganda la ndizi la mtu. Akalitoa ganda, akaziba njia ya kushoto, akafungua ya kulia. Hadi adhuhuri alikuwa hajamaliza nusu ya shamba. Akaongeza kasi, maana Alhamisi ilikuwa ya Melkior.