Ulimi wa Bi Harusi

Nakumbuka asubuhi moja nyumbani kwetu Chumbageni, mwanangu, nikiwa mwari niliyewekwa ndani kungoja ndoa. Somo yangu, aliyenifunda, alimaliza kunisugua singo ya kung'arisha ngozi, akanipa mswaki, akaniambia nitoe ulimi auone. Nikautoa. Mimi nauelekeza mbele, wenyewe unakwenda kushoto.

Nilikuwa nimetoka kuugua homa, na tangu juzi maneno yalikuwa mazito kinywani na wali unanibakia shavuni, nikadhani ni woga wa harusi tu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Basi mashangazi wakajaa chumbani, na kabla uji haujapoa wakawa wameshampata mchawi: jirani yetu Bi Zuhura, ambaye mwanawe aliniposa tukamkataa. Eti kanifunga ulimi ili nisiweze kutoa idhini ya ndoa. Nililia, kwa kuwa nilimpenda mchumba wangu. Shangazi mkubwa akajifunga kanga kiunoni aende kumtolea maneno mlangoni kwake.

Bibi yangu wa Tongoni akamzuia.

“Kaa kitako. Mwanamwali akinyamaza, hiyo ndiyo idhini yake. Mchawi gani huyo wa kufunga ulimi usiohitajika? Mpelekeni mtoto hospitali.”

Chumba kizima kikacheka, nami nikacheka na ulimi wangu wa kombo.

Daktari alinieleza kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha ulimi umelegea upande mmoja, na ukitoa ulimi, huelekea upande ulio dhaifu. Yaweza kuwa kiharusi, jeraha, uvimbe chini ya fuvu, au mabaki ya homa kama ile yangu. Hakutaka kunituliza kabla ya picha ya kichwa, basi harusi ikasogezwa, tukaenda kuipiga hospitali ya rufaa Moshi. Ikatoka safi. Akasema pasipo na chanzo kibaya wengi hupona taratibu, ingawa si wote.

Nikaolewa kwa “naam” nzito. Na aliyekuwa akiniletea uji mwepesi niliposhindwa kutafuna ni Bi Zuhura huyohuyo. Kila akiingia na bakuli, shangazi anatazama mkeka. Miezi ikapita, ulimi ukanyooka. Mume wangu husema umenyooka kupita kiasi.

Mwanangu, ulimi ukienda upande, wako au wa mwenzako, nenda hospitali siku hiyo hiyo wakakutafutie chanzo, wala usimtafute jirani. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wangu ulipona, lakini neno la shangazi lau lingefika mlangoni kwa Bi Zuhura, jeraha lake lisingepona. Mungu akujaalie ulimi mwepesi wa shukrani, mzito wa tuhuma. Amina.