Shujaa Aliyemliza Binti Yangu

Mimi niliishia darasa la tatu, na nyumba yetu ya Bowie, hapa Marekani, niliinunua kwa kufagia ofisi za watu. Hadithi hiyo binti yangu ameisikia tangu utotoni, na hajawahi kudondosha chozi. Halafu Jumapili moja nikamkuta sebuleni analilia kitabu cha wachawi na wafalme, cha tatu katika mfululizo.

"Nani kafa?"

"Mpenzi wa shujaa, Baba."

"Alikuwa mrembo?"

"Mwanamume mwenzake, Baba. Walipendana kwa siri."

Nikaona wivu. Mapenzi yao yalikuwa yao. Kilichoniuma ni mtu wa kubuniwa, hata kodi ya nyumba halipi, kuchukua machozi yaliyokuwa haki yangu.

"Na mimi niliyesinzia vituoni nikisubiri basi la alfajiri?"

"Wewe unasimulia ulivyoshinda tu. Yeye anasema anavyoogopa."

Nikakaa. Nikaita, "Paukwa!"

Akajibu, "Pakawa."

Nikamsimulia nilivyojifungia chooni mwa ofisi, majira yangu ya kwanza ya baridi, nikamlilia mama yangu aliyezikwa bila mimi. Binti akakifunga kitabu anisikilize. Ila kidole alikiacha ndani, pale alipofika.