Panya Waliofuata Udi

Siku ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu. Daktari Mkuu, mtu wa bara, mrefu, miwani ikimteleza puani kwa jasho la Lamu, alinitazama akasema, "Bi Rukia, unaogopa panya?" Nikamjibu, "Panya wa nyumbani nawaua. Hawa wako bado hatujajuana." Alicheka mpaka miwani ikaanguka, na kazi nikapata.

Nyinyi vijana mkisikia maabara mnawaza jumba la vioo. Yetu ilikuwa nyumba ya kale ya mawe pale mtaa wa Langoni unapoishia, vyumba virefu vyembamba, zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, vipo ukutani vile vile, imekodiwa na kituo kidogo cha utafiti. Panya waliletwa kwa ndege, weupe pe, macho mekundu, wakaja na chakula chao kwenye magunia. Mama yangu, mzaliwa wa Ndau kama mimi, aliposikia kwamba nitalipwa kwa kulisha panya alishika kichwa. "Yarabi, mwanangu. Miaka yote hii twahangaika kuwatoa nyumbani, weye wenda kuwapikia?"

Lakini mama alijua vyema kilichonipeleka. Mdogo wangu Mwanaesha alikuwa na kifafa tangu utotoni, kilichomwanza baada ya malaria kali. Kombe la aya alikunywa, hospitali alikwenda, na kwa dawa za hospitali kuanguka kulipungua sana, alhamdulillahi. Kilichobaki ni usahaulifu. Mwanaesha alikuwa fundi wa piko na hina, mkono wake mwepesi, na bibi harusi wa Langoni aliyepambwa na mtu mwingine alinung'unika. Ila akitoka peke yake vichochoro vilimchanganya. Alikuwa akikutwa mbele ya mlango wa watu asiowajua, mkoba wa piko mkononi, analia kwa aibu. Mwisho akakataa kutoka, na kumsubiri mtu wa kumsindikiza akaona ni kudhalilika. "Ndia zote ni moya, dada," aliniambia. Kwa hiyo niliposikia kuna watu wanachunguza jinsi kifafa kinavyoharibu kumbukumbu, nilivaa buibui langu nikaenda.

Nilianzia banda la wanyama, chini ya Msimamizi, mama mmoja wa bara tuliyemwita Madam. Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na faida. "Panya anaijua hasira yako kabla hujaijua wewe," alisema. "Iache mlangoni pamoja na viatu." Alinifunza kumbeba panya kwa kiganja wala si kwa mkia, kumpima uzito, kumbadilishia maranda ya kulalia. Maranda tuliyachukua kwa seremala wa jirani, tukayaanika kwanza. Seremala alikuwa akiniuliza kila asubuhi, "Wageni wako wamelalaje, Bi Rukia?" nami humwambia wamelala vizuri kuliko yeye.

Nisiwafiche sehemu ngumu. Ili kukisoma kifafa, baadhi ya panya walidungwa dawa ya kuleta degedege, na aliyewadunga ni Daktari mwenyewe. Sikuipenda siku ile, na sitawadanganya kwamba niliipenda. Degedege likitulia niliwachukua mmoja mmoja, nikawafunika, nikawanywesha maji ya sukari. Baada ya wiki kadhaa kifafa kilianza kuwajia chenyewe, kama kinavyowajia watu. Hapo ndipo kazi ya kupima kumbukumbu ilipoanza, nami nikahamishiwa chumba cha tangi.

Tangi lenyewe lilikuwa la duara, la plastiki, pana. Lilinunuliwa mjini Kizingitini kwa wafanyabiashara wa kamba wa baharini, waliokuwa wakihifadhia humo kamba hai wakisubiri kusafirishwa. Tulilijaza maji ya uvuguvugu, tukayafanya meupe kwa maziwa ya unga. Chini ya maji, karibu na ukingo mmoja, tuliweka kijukwaa kisichoonekana. Ukutani tulibandika alama kubwa, nyota hapa, pembetatu kule. Panya hutiwa majini, naye ni mwogeleaji hodari, akatafuta pa kusimama. Mzima akishakipata kijukwaa mara chache hushika ramani kichwani: nyota iko kushoto, pembetatu iko mbele, basi pale. Kamera ya darini huchora njia yake kwenye kompyuta, na mstari wake huwa umenyooka. Panya wa kifafa huzunguka ukingoni, azunguke tena, na kesho yake ni kama hajawahi kufika. Nilipowaona mara ya kwanza moyo uliniuma, maana nilimwona nduyangu. Niliwatoa, nikawakausha kwa taulo, nikawaweka chini ya taa wapate joto.

Sasa, tangi lile lilinuka kamba. Tulisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu, wapi. Daktari akaniambia, "Bi Rukia, nyinyi watu wa Lamu mna dawa ya kila harufu. Fanya jambo." Kwetu chumba cha kupokea wageni hufukizwa, hilo halihitaji mkutano. Nikaleta chetezo changu, nikatia makaa na udi, nikakiweka kwenye kidaka cha ukutani. Daktari akavuta pumzi, akafumba macho. "Hapa sasa ni harusini," alisema. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya majaribio, udi.

Ikaja dawa mpya ya kujaribiwa. Tuliwapa panya wagonjwa, tukawatia majini. Walikwenda moja kwa moja kijukwaani. Daktari alinipa mkono, Madam akasema tusishangilie mapema, mimi sikumsikia. Nilifika nyumbani nikamwambia Mwanaesha dawa imepatikana. Aliinuka, akautoa mkoba wake wa piko sandukuni, akaupangusa vumbi, akaanza kunoa vijiti vyake. Nilifurahi mno kumwona vile.

Kisha tukawajaribu wagonjwa ambao hawakupewa dawa. Nao wakaenda moja kwa moja. Daktari alijikuna kichwa. "Panya hawa wana akili kuliko mimi," alisema. Tulipima tena, majibu yale yale.

Halafu ikanyesha mvua, makaa yangu yakalowa, na udi haukuwaka. Siku hiyo panya wote wa kifafa walipotea, waliopewa dawa na wasiopewa. Walizunguka ukingoni mpaka tukawatoa. Daktari alisimama katikati ya chumba akinusanusa. "Leo pananuka kamba," alisema. Akatazama kidaka. Nami nikatazama kidaka. Kilikuwa juu ya upande ule ule wenye kijukwaa, na panya walikuwa wakifuata harufu. Madam alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo, akisema, "Siku zote hizi mnawaita panya wa watu harusini." Majibu yote yale yalifutwa, chetezo kikarudi nyumbani, na majaribio yakaanza upya. Dawa ile, ilipopimwa bila udi, haikusaidia kitu.

Kucheka kazini kulikuwa rahisi. Nyumbani ilibidi nimwambie Mwanaesha. Alinisikiliza, akafunga mkoba, akaurudisha sandukuni. "Si neno, dada," alisema, na ile si neno yake ilinichoma kuliko kilio.

Daktari aliniona nilivyonyong'onyea, akaniuliza, nikamweleza. Alinipeleka kwenye tangi, akachomeka kibendera chekundu juu ya kijukwaa, kikachomoza juu ya maji. Akamtia panya mgonjwa kuliko wote. Panya alikifuata kile kibendera, akapanda, akaanza kujisafisha ndevu. "Unaona?" Daktari alisema. "Sehemu ya ubongo inayochora ramani imeumia. Sehemu inayofuata alama ni nzima. Wataalamu wanalijua hili tangu zamani, mimi ndiye niliyelisahau, na udi wako ukanikumbusha. Ramani ya mtu ikichanika, Bi Rukia, mwekee bendera."

Jioni ile nilichana kanga yangu nyekundu. Niliwaendea majirani mlango kwa mlango, kuomba ruhusa ya kufunga kitambaa kwenye kila kona ambapo Mwanaesha alihitaji kugeuka. Hakuna aliyekataa, wengine walinichagulia msumari mzuri zaidi. Mwanaesha alianza kwa kuogopa, mimi nyuma yake hatua chache, nikiuma ulimi nisimwelekeze. Kwenye kona ya fundi cherehani alisimama muda mrefu, kitambaa hakipo. Punda alikuwa amekila, na kipande bado kinaning'inia mdomoni. Mwanaesha alimtazama punda, akageuka upande ule ule alikokuwa punda, akaniambia, "Bendera yangu imekuwa na masikio." Fundi cherehani alitoka akacheka naye, akashona kipya cha kitambaa kigumu, akakifunga juu mbali na meno.

Alirudi kupamba maharusi. Wenye harusi walizoea: wakimtaka, wanafunga kitambaa chekundu mlangoni. Dawa zake za hospitali hakuziacha, wala usahaulifu haukumwacha, lakini kutoka alitoka. Mimi kazini nilipanda. Madam alipohamishwa bara nikapewa chumba cha tangi chote, nikawafunza vijana kubeba panya kwa kiganja na kuacha hasira mlangoni.

Siku yangu ya mwisho walinipikia chai ya tangawizi na mahamri. Nilimtaka Mwanaesha awepo, lakini vitambaa vyake viliishia kwa fundi cherehani, na kutoka pale mpaka kituoni hakuwahi kwenda peke yake. Niliomba mapema nikamchukue, Daktari akakataa. "Kaa, Bi Rukia, leo wewe ndiye mgeni." Nilikaa, kikombe cha chai mkononi. Hotuba ikasemwa, sikuisikia vizuri, mato yangu yako mlangoni.

Akaingia. Buibui limemkaa vizuri, mkoba wa piko begani, hakuna aliyemsindikiza. Nilisimama, chai ikamwagika.

"Nimekuya peke yangu, dada," alisema.

"Umeijuaje ndia?"

Aliinua pua kidogo, akaelekeza nyuma yake. Kwenye kizingiti cha mlango wa kituo palikuwa na chetezo, moshi unapanda na kuingia kichochoroni, na makaa yamerundikwa ovyo kama anavyorundika mtu asiyewahi kuwasha udi maishani mwake. Daktari, aliyempelekea salamu kwamba afuate udi, alikuwa anajipangusa masizi kwa leso, miwani puani.

Mwanaesha alinikalisha, akafungua mkoba, akanichora mikono mbele ya wafanyakazi wote, maua mpaka kwenye viwiko, mimi mstaafu mwenye mvi kama bibi harusi. Sasa niko nyumbani, na watu huniuliza miaka yote ile ya panya ilinipa nini. Nikitaka nduyangu arudi mapema huweka makaa, nikatia udi, nikakaa kibarazani kumsubiri, na hafiki mlango wa mtu mwingine.